Afande na Vitanda Vitupu

Mdomo wake ulikuwa mkavu, tuanzie hapo. Sisemi matusi, maana matusi hakuwa nayo. Nasema ule ukavu wa kumwambia mtu jambo usoni kabla hata hajaketi. Mama anaingia na mtoto mikononi, salamu hajaimaliza, keshaambiwa: "Huyu umemchelewesha siku tatu. Usiniambie ni jana." Sisi manesi tunatazamana. Mama machozi yanamlenga. Na yeye wakati huohuo mkono wake umeshafika tumboni kwa mtoto, unabonyeza taratibu, na mtoto wala hashtuki.

Tulimwita Afande. Jina lake lilikuwepo kwenye cheti kilichotundikwa ukutani, lakini sidhani kama kuna mtu pale Chumbageni aliyewahi kulisoma. Alikuwa tabibu wa jeshi, amestaafu, akaajiriwa kwenye zahanati ya mtu binafsi nilikokuwa nesi. Tulikaa chumba kimoja cha kazi miaka tisa. Miaka tisa, mwenzangu, ndoa ngapi zinafika huko? Kwa hiyo nikimsema mnivumilie, haki ninayo.

Zahanati yetu ilikuwa na vitanda sita vya kulaza. Kila asubuhi, kabla hajavaa koti, Afande alipita wodini mikono nyuma, akavihesabu kana kwamba kuna kimoja kingetoroka. Kisha alitoka nje mpaka mlangoni, ambako alikuwa ametundika kibao cheusi alichokinunua mwenyewe, akaandika kwa chaki: Vyenye watu vitatu, vitupu vitatu. Mwandiko mkubwa, wa kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Mwenye zahanati alikichukia kile kibao. Alisema biashara gani hii ya kutangaza vitanda vitupu, watu watadhani hatuna wateja. Akakifuta. Afande akaandika tena. Kikafutwa tena saa nne, saa tano kikaandikwa. Mwisho mwenye zahanati alichoka yeye, maana Afande hakuwa mtu wa kuchoka kwa mambo ya kijinga kama yale.

Nilimuuliza mara moja, "Afande, kwani kibao hiki kina faida gani?"

"Mtu akiingia ajue."

"Ajue nini?"

"Ajue kilichopo, Sista." Akaenda zake.

Ndivyo alivyokuwa. Ukimuuliza jambo unapewa nusu, nusu nyingine ujitafutie.

Sasa nisije nikaonekana namchongea tu. Kwa watoto hakuwa na mfano, na wala hakuwa na maneno matamu kwao. Pipi hakutoa. Kuitwa babu hakutaka. Lakini mtoto akija kufungwa kidonda cha moto, Afande alichuchumaa mpaka macho yao yalingane, akamwambia, "Itauma mara nne. Tutahesabu mimi na wewe." Basi wanahesabu. Moja, mtoto anapiga yowe. Mbili. Tatu. Nne. Na ikifika nne, kweli imekwisha. Nimeona watoto wa miaka mitano wanakuja peke yao mbele ya mama zao, wanamnyooshea mkono ulioungua, wanauliza, "Leo ngapi?"

Siku moja alikosea. Alimwambia msichana mmoja mara tatu, akafika tatu, akaona bado kipande cha kitambaa kimegandia. Akaweka koleo chini. "Nimekosea. Imebaki moja. Unaniruhusu?" Mtoto akasema hapana. Wallahi, Afande akavuta kigoda akakaa. Foleni imefika barabarani, watu wanagomba, mwenye zahanati anachungulia kila baada ya dakika mbili, na mzee mzima amekaa anamngoja mtoto wa miaka sita ampe ruhusa. Tulingoja karibu nusu saa. Mtoto akasema, "Haya, moja tu." Ikawa moja tu.

Kwa watu wazima, loo, hapo ndipo aliponishinda. Sisi huku kwetu tunaishi kwa pole. Mtu kajikwaa, pole. Kafiwa, pole. Katoka sokoni amechoka, pole na soko. Afande neno hilo hakuwa nalo kabisa. Mama yangu alipofariki alikuja msibani, akaketi mkekani na wanaume, na nilipopita kusalimia akaniambia mbele ya wajomba zangu, "Mama yako alikuwa na sukari na dawa alikuwa hanywi." Jamani! Kama ningekuwa na birika la kahawa mkononi siku ile, ningekuwa jela sasa hivi. Mjomba alitaka kumwinua atoke. Lakini huyohuyo, siku tatu zile za matanga, ndiye aliyebeba maji. Bomba la mtaa lilikuwa limekatika, akawa anakwenda na ndoo mbili kwenye kisima cha msikiti, anarudi, anajaza mapipa ya jikoni, bila kuombwa na mtu. Siku ya tatu aliondoka bila kuaga. Wajomba mpaka leo wanauliza yule mzee wa ndoo hajambo.

Nilimchukia kweli siku moja tu, na siku hiyo ndiyo niliyoambiwa habari zake.

Aliletwa mtoto mwenye degedege kutoka njia ya Tongoni, mama yake amembeba mikononi, kanga imelowa. Vitanda viwili vilikuwa vitupu, lakini mwenye zahanati alikuwa amepigiwa simu kwamba kuna mkubwa fulani analetwa na presha, na huyo mkubwa hataki kulala karibu na watoto wanaolia. Akaninong'oneza nimwambie yule mama aende hospitali kubwa. Nikaenda. Mimi ni mtoto wa Tanga, najua kusema na watu. Nikamshika bega, nikamwambia kwa upole wote, "Mama yangu, pole sana, vitanda vimejaa, lakini huko hospitali kubwa mtamkuta daktari bingwa, mwanao atapona inshallah." Mama akaitikia. Akaanza kumfunga mtoto mgongoni.

Afande alitoka chumba cha sindano. Hakunitazama. Alimwambia yule mama kwa sauti ya paredi, "Amekudanganya. Viwili vitupu. Ingia!" Akamchukua mtoto, akamlaza, akamtundikia dripu mwenyewe. Watu foleni nzima wakanigeukia. Mzee mmoja akaguna, "Astaghfirullah, nesi." Nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto yule alipona, sikatai. Na mkubwa yule alikuja akalazwa kitanda cha pili, akalalamika kutwa.

Alasiri foleni ilipokwisha nilimfuata chumbani, nimeshajiandaa. Nikamwambia hanijui, hana haki ya kuniaibisha, mimi nimetumwa na aliyetuajiri sote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza nikapewa na ile nusu nyingine.

Alikuwa Kongo, mashariki, kwenye kikosi cha kulinda amani. Pale kambini palikuwa na hospitali ya mahema ya jeshi la nchi nyingine, nchi yenyewe hakunitajia. Madaktari wazuri, vifaa ambavyo hapa kwetu tunavisikia tu. Lakini hakuna aliyejua Kiswahili, na watu waliokuwa wakiletwa langoni walikuwa raia, wengi watoto. Bomu limeangukia shamba, risasi imepita dirishani, vitu vya namna hiyo. Wakaomba waazimwe tabibu anayejua lugha. Akaenda yeye.

Sheria ya ile hospitali ilikuwa moja: raia anaokolewa roho, basi. Damu ikishasimama, ndani ya siku chache aondoke aende hospitali za mjini, hata kama huko hakuna dawa wala umeme. Vitanda lazima vibaki wazi, askari akiumia akute nafasi. Na kazi ya kuwaambia akina mama ilikuwa ya Afande.

"Walikuwa wananiambia, waeleze sheria," alisema. "Hakuna aliyenituma niseme vitanda vimejaa. Hilo nililitoa mimi mwenyewe. Niliona haya, Sista. Utamtazamaje mama usoni umwambie kitanda kipo ila si cha mwanao? Mimi nimelelewa kwa adabu. Nikatafuta la kumpunguzia."

Kulikuwa na msichana mmoja, wa miaka saba hivi, chuma cha bomu kilimwingia pajani. Walimpasua, wakakitoa, akawa anaendelea vizuri, lakini kidonda kilitaka siku kumi nyingine za dawa ya mshipa. Siku zake zikaisha. Vitanda vya hema lile vilikuwa kumi na viwili, wagonjwa wawili. Afande akamwambia mama, vimejaa, mama yangu, askari wengi wameumia, huko mjini watamtunza. Mama akakubali. Kabla hajaondoka akamwandikia namba ya simu kwenye kipande cha boksi la plasta, akasema, utapiga, papa, yaani baba, uulize hali ya mtoto.

"Ukapiga?"

"Hapana."

Halafu akaniambia lile lililokuwa linamla. Wiki moja baadaye mkalimani mwingine, kijana wa kulekule asiye na adabu, alimwambia mama mwingine ukweli mtupu: vitanda vipo, hamvipati. Mama huyo akalala mlangoni mwa hema. Akapiga makelele mpaka mkuu wa hospitali akatoka na kandambili. Wakamwongezea mwanawe siku tisa.

"Yule wangu sikumwachia hata cha kugombea," alisema. "Ugomvi wake nimeula mimi."

Sasa ningekuwa mtu mwema, hapo ningemwonea huruma. Sikumwonea. Nilikuwa bado na aibu ya asubuhi, nikamwambia, "Basi mpigie umwambie, uache kutusumbua sisi hapa." Alifungua mlango akaenda kufuta kibao chake, maana idadi ilikuwa imebadilika.

Lakini tangu siku ile nilijua. Kila nilipomwona akimkausha mtu kwa maneno, nilijua anasema na nani. Ilinikera zaidi, nawaambia ukweli. Kwa nini mama wa Chumbageni aliyechelewa siku mbili alipe deni la adabu alizozimwaga Kongo? Na wapo waliolipa. Binti mmoja mjamzito aliambiwa na Afande moyo wa mtoto haupigi, hivyohivyo, amesimama, mkoba bado begani. Alianguka pale chini. Nilimwinua mimi. Afande alisema, "Angetaka kujua," na mimi nikamjibu, "Angetaka kukaa kwanza!" Kesho yake nilikuta kiti kimewekwa karibu na mlango wa chumba chake.

Hakuwahi kupiga ile simu. Nilimuuliza kila Ramadhani, kwa uchokozi. "Umeshampigia mtu wako?" Anasema, "Bado." Mwanamume aliyekuwa hamwogopi mwenye zahanati, wala mkubwa wa presha, wala wajomba zangu, anaogopa kipande cha boksi.

Alipoacha kazi alikwenda kukaa kwa dadaye, Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Moyo ulikuwa umechoka, miguu inajaa maji. Mwaka huu, baada ya mvua, dadaye alinipigia akasema kaka yake ananiita, na kwamba nisichelewe. Nikaenda. Pantoni ilikuwa na lori moja la nazi na mimi.

Nilimkuta amekaa kitandani, mito mitatu mgongoni, anahema kwa vituo. "Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Nina wiki mbili, au tatu." Hata ya nyumbani hakuuliza. Akatoa chini ya mto kipande cha boksi la plasta, rangi imekwisha. "Piga wewe."

Namba ilikuwa ya kaka wa yule mama. Ikaita. Na mimi nilivyotarajia kwamba baada ya miaka zaidi ya kumi haitaita! Yule kaka alinisikiliza, akanipa namba ya dadaye, nami bila hata kupumua nikapiga. Nikaweka sauti ya nje. Mama akapokea. Nikajieleza: mimi ni nesi, niko Tanzania, niko na yule tabibu wa jeshi aliyekuwa akisema Kiswahili cha pwani, kule hemani.

"Yule papa mupole?"

Mpole! Nikamtazama Afande. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ndiyo, mama. Anaulizia hali ya mtoto."

"Mutoto alikufa," alisema, bila kupandisha sauti. "Kule mjini dawa haikukuwa. Kidonda ikaoza. Lakini umwambie asihuzunike. Vitanda vilijaa, angefanya nini? Alisema na miye vizuri sana. Miye namuombeaka mpaka leo."

Nilimwomba Afande kwa macho aache. Wallahi nilimwomba. Mama alikuwa ameshamaliza msiba wake, amemweka Mungu mahali pake na sisi mahali petu. Afande akanyoosha mkono akachukua simu.

"Mama. Ni mimi. Vitanda havikujaa. Vilikuwa kumi na viwili, vyenye watu viwili. Sheria yao ilikuwa vibaki kwa ajili ya askari. Niliona haya kukwambia."

Kuku walikuwa wakilia upande wa kule.

"Kumi na mbili," alisema mama.

"Ndiyo."

"Watu wawili."

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia, ningelala pale chini." Sasa sauti ilikuwa imepanda. "Ningepiga makelele! Wangenipiga, lakini ningepiga makelele! Miye nilikunja kitenge yangu nikaenda."

"Najua."

"Hapana, haujui. Sasa hii habari nitaiweka wapi?"

Akakata.

Nilimgeukia. Nilisahau kama ni mgonjwa. "Umeridhika? Alikuwa na amani yake, umemnyang'anya! Wewe unakwenda zako wiki mbili hizi, umeshatua mzigo, yeye anabaki nao. Huo ndio ukweli wako?"

"Mtoto ni wake," alisema, anahema. "Ajue alivyokufa."

"Na wewe ufe mwepesi."

"Na hilo pia," alisema. Hakukataa.

Nilichukua mkoba wangu na simu yangu. Nilikuwa nimefika kizingitini simu iliponilia mkononi. Namba ileile. Nikapokea, safari hii nikaiweka sikioni.

"Mama nesi, sitaki kusema na yeye. Nataka wewe." Alikuwa analia. "Nauliza kitu kimoja tu. Pale karibu na mulango kulikuwa kitanda ya shuka ya kijani. Siku ile mutoto alikuwa anaitazama. Aliniambia, mama, pale kuna upepo, wanilaze pale. Nikamwambia nyamaza, ni kitanda ya watu. Nikamufinya, nesi. Nilimufinya anyamaze. Ile kitanda ilikuwa na mutu?"

Nikaziba simu kwa kiganja. Nikamuuliza Afande, kitanda cha mlangoni, cha shuka ya kijani, siku ile.

Hakufikiri hata kidogo. "Kitupu. Wiki nzima. Mwambie."

Nikaondoa kiganja. "Mama yangu," nikasema, "kile kilikuwa na mtu. Askari, kijana mdogo. Saa ile walikuwa wamempeleka kupasuliwa, ndiyo maana ulikiona kitupu. Walikuwa wanamngoja arudi. Hukukosea kumnyamazisha."

Nilimsikia anavuta pumzi, ndefu, kisha nyingine. "Aksanti, mama," alisema. "Aksanti sana. Mungu akubariki." Akakata.

Afande alikuwa amenikodolea macho muda wote ule.

"Amesemaje?"

"Amesema asante."

Akageuka taratibu, na mito yake, akatazama ukutani. "Ndivyo walivyo," alisema. "Wote walishukuru."